Ng'ombe Waliotoka Zizini kwa Efrazia

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Hiki ni kipindi cha kuwakumbuka waliotutangulia, na mimi ni Stanslaus wenu. Wengi mmenizoea kwa sauti ya upole. Leo upole sina. Nimeuacha nyumbani, na nimeuacha makusudi.

Leo tunamkumbuka Efrazia. Efrazia wa Nyangoto, mponda mawe. Alianza kazi ya muziki akiwa na miaka hamsini na tatu. Amefariki wiki mbili zilizopita akiwa na miaka hamsini na tisa. Narudia, maana najua kuna mtu ndiyo kwanza anawasha redio: alianza muziki na miaka hamsini na tatu, ametutoka na hamsini na tisa. Katikati ya hiyo miaka sita ndimo yamo yote nitakayosema leo.

Lakini kwanza barua. Jana mchana nililetewa barua hapa studio. Imeandikwa na shemeji wa marehemu, mzee Simioni Nyangwine. Anataka mambo mawili. La kwanza, marehemu asitajwe kwa jina lake, atajwe tu kama mke wa hayati Mogesi Nyangwine. La pili, nyimbo zake zisipigwe hewani, kwa sababu zinaiaibisha familia. Nimeisoma barua yote, mpaka sahihi. Kisha nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza hii, maana siku nyingi ilikuwa inachezacheza. Mzee Simioni, kama redio yako imewashwa, shikamoo. Jina lake ni Efrazia.

Efrazia alizaliwa Itiryo mwaka 1960, kwa watu wa mahindi na mifugo. Alipofika miaka kumi na tisa aliolewa Nyangoto na kijana aitwaye Mogesi Nyangwine. Mogesi alikuwa mchimbaji, tena mpiga litungu. Kwa wasikilizaji wa mbali, litungu ni ala yetu ya nyuzi nane, ya mbao na ngozi, na kwetu hupigwa na wanaume. Mwanamke atacheza, mwanamke atapiga vigelegele, na litungu likimalizwa kupigwa mwanamke atalifuta vumbi. Kulipiga hapana.

Waliishi miaka ishirini na saba na hawakupata mtoto. Mwaka 2006 Mogesi aliingia kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na duara likatitia. Walimtoa siku ya tatu. Efrazia akabaki na nyumba ya bati, kiwanja, na litungu lililotundikwa ukutani juu ya kitanda. Kila Jumamosi alilishusha, akalifuta vumbi, akalirudisha. Hilo aliruhusiwa.

Akaenda kuponda mawe. Mnaokaa mjini mnaona dhahabu ikiwa shingoni mwa mtu. Hamuoni inavyoanza. Mwamba unatoka shimoni ukiwa na ukubwa wa kichwa, na lazima upondwe uwe kokoto, na kokoto iwe unga, ndipo uoshwe. Kazi hiyo ni ya akina mama. Wanakaa chini ya turubai, miguu wamenyoosha, chuma kati ya magoti, nyundo mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unashika jiwe, na siku nyundo inapokosa jiwe, inapata kidole. Kidole cha shahada cha Efrazia kilivunjika mara mbili kikabaki kimepinda. Unga ule unaoruka unaingia puani, unaenda kifuani, unakaa humo.

Mwaka 2013 mwamba mpya ulionekana nyuma ya kijiji. Wengine wenu mlikuwepo. Watu walimiminika kutoka Geita, kutoka Kahama, kutoka Migori ng'ambo ya mpaka. Mashamba yakageuka mashimo, mihogo ikang'olewa kabla ya wakati wake, ndugu wakashikiana mapanga kwa ajili ya kipande cha ardhi ambacho mwaka uliotangulia hakuna aliyekitaka hata kuchungia mbuzi. Mawe yakawa mengi kuliko mikono ya kuyaponda. Ndipo Efrazia alipoanza kuimba.

Hakuanza kwa furaha. Mama Agustina, aliyekuwa akikaa ubavuni mwake pale turubaini, amenisimulia. Kijana mmoja mwenye duara alikuja akasimama mbele yao, akasema hawa bibi wanachelewesha kazi, heri atafute wasichana. Hakumsalimia mtu. Aliondoka. Efrazia akapiga jiwe mara tatu, akanyamaza, akapiga mara tatu tena. Agustina akafuata, na wengine wakafuata, turubai zima likawa linagonga pamoja. Kisha Efrazia akafungua mdomo akaimba kwa Kikurya maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Jiwe, wewe hunijui jina. Mimi lako nalijua, nimekuponda mpaka ukalisema."

Agustina ananiambia: "Tulicheka sana. Halafu mimi nikajikuta nalia. Nikamwambia, wewe mwanamke, hayo maneno ulikuwa umeyaweka wapi?"

Jumamosi iliyofuata alilishusha litungu kama kawaida. Akalifuta vumbi. Lakini badala ya kulirudisha ukutani, akaketi kitandani akalipakata. Miaka ishirini na saba alikuwa ameviangalia vidole vya mume wake, kila vilikokwenda alikujua. Vyake vilikuwa vigumu, na kile kilichopinda kiligusa uzi kwa ubavu badala ya ncha, kikatoa sauti fupi, kavu, ya mtu anayekata maneno. Alijaribu kukizuia. Baadaye akakiacha kifanye kinavyotaka. Ile sauti ndiyo ikawa yake, hakuna mpiga litungu mwingine aliye nayo.

Na hapo ndipo uadui ulipoanza, wasikilizaji wapendwa. Sitapaka asali. Mwalimu wa kwaya aliyokuwa akiimba kanisani alimwambia sauti yake ina vumbi, asije akawaharibia kina mama wenzake, basi akasimamishwa kwaya. Wachimbaji walisema mwanamke akipiga litungu karibu na duara, dhahabu inakimbia. Duara moja lilipokosa mwamba, wanaume wazima, watu wenye wake na watoto, walimfuata turubaini wakazikata nyuzi zote nane kwa panga mbele ya macho yake. Zilikuwa nyuzi za mishipa ya ng'ombe alizozisokota Mogesi mwenyewe. Efrazia alikusanya vipande akavifunga kwenye pindo la kanga. Wiki iliyofuata alirudi na litungu lina nyuzi za nailoni, zile za kuvulia samaki, amezinunua mnadani. Agustina anasema alikaa chini, akalikaza, akawaambia walioko shimoni kwamba hizi ni za sangara, wakitaka kuzikata walete meno.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana tunafika pagumu.

Kwetu kuna desturi iitwayo nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari ya ng'ombe, anamwoa binti. Binti huyo anakuwa mkamwana wake. Watoto anaowazaa, baba yao awe nani, ni wa nyumba ile, wanabeba jina la nyumba ile, na mama akifa wao ndio wanaomzika. Wengine mnaipenda desturi hii, wengine mnaipinga, leo sibishani na yeyote. Nataka tu mjue kwamba Efrazia alikuwa ameikubali. Kwa miaka mingi alinunua ndama mmoja mmoja kwa jasho la mawe, mpaka zizi likawa na ng'ombe wanane. Ukoo ukamtafutia binti Itiryo, anaitwa Happy, umri wa miaka ishirini na mbili, tayari ana mtoto mmoja wa kike. Baba yake Happy alikuja Nyangoto akawaangalia wale ng'ombe, akapitisha mkono migongoni, akawakubali wote wanane. Siku ikapangwa. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa nane, mwaka 2014.

Wiki hiyo hiyo Efrazia alikuwa amekwenda hospitali kwa ajili ya kikohozi. Daktari alimwonyesha picha ya kifua chake, akamweleza kwamba yale meupe ni vumbi la mawe. Akamwambia aache kuponda. Efrazia aliuliza kama akiacha, pumzi itarudi. Daktari akasema iliyokwenda haitarudi, ila iliyobaki itaisha polepole zaidi.

Alirudi na njia nzima alikuwa akipiga hesabu ya pumzi. Agustina alimkuta jioni ameegemea mti wa zizi, anawatazama wale ng'ombe. Efrazia akamwambia hivi, na Agustina ameapa kwamba haya ndiyo maneno yenyewe: "Nimeponda mawe ya watu miaka minane. Mkamwana atazaa watoto wa jina la Mogesi. Ni sawa, Mogesi alikuwa mtu mwema. Lakini mimi nani atanizaa?"

Alhamisi asubuhi aliwaswaga ng'ombe wote wanane mpaka mnadani, akawauza. Ijumaa akapanda gari kwenda Sirari, na litungu mgongoni, na nyundo ndani ya kapu.

Sirari kuna kijana aitwaye Ochieng, ana studio nyuma ya duka la kutengeneza simu, kuta zote amebandika trei za mayai ili sauti isirudi. Ochieng nimempigia simu juzi. Anasema: "Mimi nilidhani mathe amepotea njia, anatafuta dispensari. Akatoa nyundo. Nikamwambia hiyo weka nje. Akasema bila nyundo yeye haimbi. Alipiga jiwe juu ya sakafu yangu, na hiyo sakafu mpaka leo iko na shimo. Nikipata mgeni namwonyesha."

Walirekodi siku nne. Nyimbo kumi na moja. Wapiga litungu wana kawaida ya kujitaja mwishoni mwa wimbo: mimi fulani, mtoto wa fulani, wa nyumba ya fulani. Efrazia alipofika hapo alisema: "Mimi Efrazia. Wa nyumba ya Efrazia." Ng'ombe wanane waliishia humo, kwenye zile nyimbo kumi na moja, na kwenye diski, na spika moja kubwa nyeusi ya kuwashwa kwa betri ya gari.

Na Itiryo Jumamosi ilifika. Happy alisukwa nywele tangu asubuhi. Alivaa gauni la kijani aliloshonewa na shangazi yake. Wageni walikula, wakanywa, wakatazama njia. Ng'ombe hawakuja. Jua lilipozama baba yake alimwambia ana mkosi, akamwambia na mengine ambayo hapa redioni siyasemi. Mwezi uliofuata Happy alimchukua mtoto wake akaenda Nyangoto kuuza pombe kwa wachimbaji. Huyo ndiye Happy, muwekeni akilini.

Ukoo wa Nyangwine ukawaka. Mzee Simioni alikwenda kwa Efrazia akamwambia ameua nyumba ya kaka yake kwa mara ya pili, mara ya kwanza kwa kukosa mtoto, sasa kwa kuuza ng'ombe. Aliitwa kikaoni. Mzee Hezekia, msemaji wa ukoo, akasema kuanzia siku hiyo hakuna wa ukoo atakayekula kwake, na akifa atazikwa kwa sababu maiti haiwezi kukaa juu ya ardhi, si kwa sababu nyingine. Efrazia aliuliza kama kikao kimekwisha. Wakasema kimekwisha. Akaenda gulioni na spika yake.

Alifanya kazi hiyo miaka mitano. Kila gulio, kila mnada, Nyamwaga mpaka Mugumu. Anaweka spika chini, anapiga litungu, anapiga nyundo, anauza diski. Wengine walinunua. Wengine walimzomea, wakamwita bibi disko. Vijana walimfuata nyuma wakimwigiza anavyokohoa. Na yeye aliimba kwa pumzi fupi, kwa hiyo mistari yake ni mifupi. Watu wa muziki leo wanasema ule ni mtindo. Ule ulikuwa ugonjwa.

Mara moja alipata kazi kule upande wa Serengeti, kambi ya watalii karibu na lango la Ikoma. Walimvika ngozi ya mbuzi, wakamwambia aache nyundo, aimbe kitu cha kuchangamsha, ikiwezekana kuhusu simba. Siku ya kwanza aliimba. Siku ya pili aliimba. Siku ya tatu aliimba wimbo wa duara lililomfunika Mogesi, wote, kwa dakika kumi na nne, huku wageni wameshika vijiko. Msimamizi alimwita pembeni akamweleza kwamba wageni hawakuja kusikia mambo ya mawe. Efrazia akamjibu: "Simba sijaishi naye." Akaivua ile ngozi, akaikunja vizuri, akamkabidhi.

Sasa nifike kwangu.

Mwaka 2015 Efrazia alikuja hapa redioni. Alisalimia getini, akaelekezwa kwangu. Alikaa kwenye kiti ninachokiona sasa hivi nikigeuza shingo. Alinipa diski yake kwa mikono miwili. Nilikuwa na haraka. Nilimwambia, mama, redio siku hizi ni ya vijana, lakini acha hapa, tutaisikiliza. Alirudi mwaka 2016, nikamwambia bado tunaisikiliza. Alirudi mwaka 2018, safari hiyo alipanda ngazi akipumzika mara tatu, na mimi nilimtuma mtu akamwambie nimetoka. Sikuwa nimetoka. Nilikuwa nyuma ya mlango huu nakunywa chai. Diski yake ilikuwa kwenye droo ya chini, pamoja na waya mbovu na kalamu zilizokauka. Sikuisikiliza hata siku moja mpaka niliposikia amekufa.

Wasikilizaji, najua wengine mnasema Stanslaus leo anatukana watu. Natukana, ndiyo. Na wa kwanza kwenye orodha ni mimi.

Tumrudie Happy. Siku moja mwaka 2017, mnadani Nyangoto, Efrazia alikuwa katikati ya wimbo. Happy akapita kati ya watu, akainama, akachomoa waya wa spika. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza mbuzi: "Hii spika ni ng'ombe wangu."

Efrazia alikuwa amekaa na litungu mapajani. Alimwangalia. Hakumuuliza wewe nani, alimjua. Akasema: "Ni kweli." Kisha akamwambia ng'ombe hana tena, ana nyimbo kumi na moja, achague anaoutaka uwe wake, auuze yeye. Happy alimjibu kwamba wimbo hautoi maziwa, akautupa ule waya chini akaondoka.

Lakini tangu siku hiyo, anasema Agustina, kila Efrazia alipoimba Nyangoto, Happy alikuwa anakuja. Hasalimii. Hanunui diski. Anasimama mbali, mikono ameifunga kifuani, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anaondoka. Miaka miwili alifanya hivyo. Efrazia naye alikuwa haanzi wimbo wa mwisho kabla hajamwona. Hawakuwahi kusalimiana, na hakuna kati yao aliyemwomba mwenzake msamaha.

Mwaka huu pumzi ilikwisha. Mwezi wa pili aliacha kuimba, akabaki anagonga tu nyundo. Mwezi wa nne akaacha kugonga. Alifariki hospitali, Jumanne asubuhi, Agustina akiwa ameshika ule mkono wenye kidole kilichopinda. Na kabla mwili haujarudi nyumbani, mzee Simioni alikuwa ameshatia kufuli kubwa kwenye mlango wa nyumba. Litungu likiwa ndani. Kila kitu kikiwa ndani. Alisema nyumba isiyo na mtoto inarudi kwa ndugu wa mume. Na kile kiwanja, wasikilizaji, mnajua kiko wapi. Kiko hatua chache kutoka kwenye mwamba ule wa mwaka 2013. Sisemi zaidi.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Nilikwenda na kinasa sauti changu, kwa hiyo mtu asije akaniambia nimetunga. Waombolezaji tulikaa nje kwenye jua, mlango umefungwa nyuma yetu. Akina mama wa mawe walikuja wote na nguo zao za kazi, na Agustina alibeba nyundo ya Efrazia ameifunga kwenye kanga, akaiweka ukingoni mwa kaburi. Mchungaji alimaliza. Jeneza likashuka.

Kwa kawaida ya pale, udongo wa kwanza unatupwa na mtoto wa nyumba. Mzee Simioni alisimama akauliza: "Mtoto wa nyumba hii yuko wapi?" Alijua hayupo. Aliuliza ili sote tusikie hayupo. Aliuliza mara ya pili, tena safari hii alikuwa amegeuka kututazama sisi waombolezaji. Kisha akainama achote udongo yeye.

Happy alitoka nyuma. Alikuwa amevaa gauni la kijani. Lilikuwa limepauka na linambana, lakini mtu wa Itiryo aliyekaa karibu nami alilitambua, akashika mdomo. Happy alifika kaburini akasema, na hapa nanukuu kutoka kwenye kinasa sauti, neno kwa neno: "Mimi ndiye mkamwana."

Simioni akamwambia hukuolewa.

Happy akasema: "Baba yangu alikuja hapa akawaona ng'ombe, akawakubali, na ukoo wenu ulishuhudia. Wale ng'ombe walitoka zizini kwa jina langu. Nani amewaona wakirudi? Kwetu ng'ombe wakitoka wasirudi, mtu ameolewa. Nionyesheni mmoja aliyerudi, niondoke."

Simioni alimgeukia mzee Hezekia, yule yule aliyesema hakuna wa kula kwa Efrazia. Mzee Hezekia alikuwa amechoka, jua lilikuwa linamchoma kichwani, na sidhani kama alikuwa na huruma na mtu yeyote pale. Alimuuliza Simioni swali moja tu: "Walirudi?"

Simioni hakujibu. Mzee Hezekia akasema: "Basi atupe, tumalize."

Happy alichota udongo kwa mikono miwili akautupa. Hakulia. Alipomaliza aliinama tena, akaiokota ile nyundo iliyokuwa ukingoni, akatembea mpaka mlangoni. Akaigonga ile kufuli mara tatu, akanyamaza, akagonga mara tatu tena. Akina mama wa mawe walikuwa wameshaanza kupiga makofi kwa mwendo ule ule. Kufuli ilianguka kwenye raundi ya nne. Akaingia, akatoka na litungu, akakaa nalo kizingitini, akatutazama wote mmoja mmoja. Hajui kulipiga. Alilishika tu.

Mambo hayajaisha. Simioni amepeleka kesi kwenye baraza la kata. Happy analala mle ndani na binti yake, na mara mbili wamerushiwa mawe juu ya bati. Nilimfuata nikamuuliza kama amemsamehe Efrazia. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyekaa nyuma ya mlango akinywa chai, maana hilo nilikuwa nimemwambia. Akasema: "Sijamsamehe. Sema hivyo hivyo redioni. Sijamsamehe, lakini ni mama mkwe wangu."

Wasikilizaji wapendwa, kwenye kipindi hiki mwishoni huwa natoa pole kwa familia ya marehemu. Miaka yote nimeisema sentensi hiyo bila kufikiri. Leo nimeifikiri tangu asubuhi. Familia ya Efrazia ni nani? Pole zangu haziendi kwa ukoo uliotia kufuli. Mzee Simioni, pole yako utaipata kwa Mungu, mimi sina. Pole kwako Agustina, na kina mama wote wa turubaini Nyangoto, na ninyi kina mama, jifungeni vitambaa puani, nawaomba. Pole Ochieng na sakafu yako. Na pole kwa Happy wa Itiryo, mkamwana wa Efrazia, wa nyumba ya Efrazia.

Na wewe unayesikiliza, kabla hujamsema Simioni, fungua droo yako. Kuna mtu alikuletea kitu kwa mikono miwili, ukamwambia acha hapa. Nenda ukaangalie kama bado yuko hai.

Tangu saa nane mchana simu za hapa studio zinapigwa, watu wa ukoo wananionya. Wengine ni wale wale waliomwita bibi disko, sasa wanaona haya kwa niaba ya wengine. Wapige tu. Meza yangu leo haichezi hata kidogo.

Naweka wimbo wa kwanza, wote, sitaukata. Kwanza mtasikia nyundo ikigonga mara tatu juu ya sakafu ya Sirari. Mtasikia kidole kilichopinda. Katikati mtasikia akivuta pumzi, msije mkadhani ni kasoro ya mitambo. Na mwishoni kabisa atajitaja jina lake yeye mwenyewe. Mimi nilichelewa miaka minne kulitaja, kwa hiyo sasa nazima kipaza sauti changu, alitaje yeye.